Mbawala Aliyeijua Sauti Yangu

Machi 11

Mvua imeanza kweli sasa. Mwenye ile nyumba ya pembeni ya soko ameniambia nikusanye brashi zangu. "Fundi, ukipaka leo, keshokutwa rangi inabanduka yote. Tuonane jua likirudi." Sikubishana naye, anasema kweli. Kila masika ni hivi. Wenzangu wanalima, mimi naanika brashi.

Shajara hii nilipewa na duka la rangi mwanzoni mwa mwaka. Mpaka jana nilikuwa naandika humu vipimo vya kuta tu.

Mzee, baba yangu, ameshinda dirishani. Tangu kiharusi kimpige mwaka jana, upande wake wa kulia haufanyi kazi, na maneno yamemwisha yote isipokuwa "ee", ambayo inaweza kuwa ndiyo, hapana, au ondoka mbele yangu. Mke wangu ndiye anayemlisha, anayemwogesha na kumgeuza kitandani, kisha anarudi kwenye cherehani yake. Leo nilimwambia apumzike, nitamlisha mimi. Kijiko cha kwanza kikaingia. Cha pili uji ukamtiririka kidevuni, naye akawa ananitazama kwa macho yaleyale aliyonitazama nayo nikiwa mtoto, nikivunja kitu. Mkono ukaanza kutetemeka. Nikamrudishia mke wangu bakuli, nikasema nimesikia mtu anabisha hodi.

Hakukuwa na mtu. Nilisimama barazani nikiangalia mvua mpaka niliposikia kijiko kinakwangua bakuli tupu.

Machi 14

Hifadhi ya msitu iliyo juu ya mji inatafuta watu wa kujitolea msimu huu wa mvua. Tangazo limebandikwa dukani. Askari wao ni wachache, na mvua inapokata barabara wawindaji haramu hufurahi.

Nilimwambia mke wangu. Hakuinua macho kwenye kitambaa.

"Wanalipa?"

"Hawalipi. Ni kujitolea."

Cherehani ikakimbia mshono mzima kabla hajajibu. "Nenda. Afadhali ufanye kitu kuliko kuzungukazunguka humu ndani kama nzi."

Nilimwambia napenda miti tangu utotoni. Ni kweli napenda miti. Ila nilipokuwa nasema hivyo nilikuwa natazama mlango wa chumba cha Mzee.

Machi 17

Siku ya kwanza. Mkuu wa askari ni mwanamume mrefu mwenye sauti ndogo. Wote wanamwita Afande basi. Amenipanga na mwenzangu wa kujitolea, mzee kidogo kunizidi, anayeitwa Redio. Zamani alikuwa anatembeza kipaza sauti sokoni akitangaza bei za magodoro. Kipaza sauti aliuza, sauti amebaki nayo. Tangu getini hadi bondeni amenieleza maisha yake: mkewe alifariki, watoto wamehamia mbali, nyumbani anaongea na kuta. "Humu msituni angalau kuna viumbe," akasema, "hata kama vinanikimbia."

Tumeng'oa mitego ya waya. Mgongo wote unaniuma, na raha niliyo nayo sijawahi kuipata nikipaka rangi.

Machi 18

Mvua. Mitego tena.

Machi 25

Askari wa doria wamemkuta mama mbawala amekufa kwenye waya, na mtoto wake dume amelala kwenye majani hatua chache tu kutoka pale. Ana rangi ya kahawia iliyokolea, na madoa meupe ubavuni kama mtu amekung'utia brashi. Daktari wa wanyama, mama mmoja asiyecheka ovyo, amekadiria ana miezi miwili. Anataka kumlea kwa maziwa ya mbuzi mpaka ajitegemee, kisha amrudishe msituni.

Alitupanga mstari akatutazama mmojammoja. "Nataka mtu asiye na maneno mengi."

Redio akarudi nyuma hatua moja, watu wakacheka. Nikachaguliwa mimi.

Masharti ni haya. Unavaa koti lililosuguliwa kinyesi cha mbawala. Unapitisha chupa kwenye tundu la ubao, asikuone uso. Humpapasi. Na muhimu kuliko yote, husemi neno. "Mnyama huyu akizoea sauti ya mtu, nimemlea ili aje auawe," Daktari akasema. "Na asipouawa, ataota pembe, aje amchome mtu tumboni akidhani wanacheza. Tumeelewana?"

Tulielewana.

Machi 29

Mkono hautetemeki hata kidogo. Ananyonya huku anasukuma ubao kwa kichwa, nami nashikilia chupa mpaka tone la mwisho. Akiacha, nangoja. Akirudi, nipo. Sikujua kwamba nina subira ya namna hii.

Aprili 2

Leo amegoma. Alilala pembeni mwa banda, masikio yamelegea. Nilitikisa chupa, hakuja. Niliogopa atakufa mikononi mwangu. Mvua ilikuwa inapiga mabati na hapakuwa na mtu karibu. Nikaweka mdomo kwenye tundu nikasema taratibu, "Njoo basi. Njoo unywe."

Akainua kichwa. Akaja.

Ni maneno machache tu. Kesho sitarudia.

Aprili 3

Nimerudia.

Aprili 9

Jirani amenisifu mbele ya wateja wa mke wangu. "Huyu mtu ana moyo. Anapanda mlima kwenye mvua kwa ajili ya wanyama, wala halipwi." Mke wangu alikuwa uani anakamua shuka za Mzee. Alinitazama, akatazama beseni, akaendelea kukamua. Afadhali angesema kitu.

Aprili 15

Sasa naongea naye kila zamu. Akimaliza maziwa anakaa upande wake wa ubao, mimi upande wangu, namsikia akicheua. Namwambia mambo ambayo sijawahi kumwambia mtu. Leo nilimwambia kwamba namwogopa baba yangu hadi leo, mtu asiyeweza hata kushika kijiko. Kwamba alikuwa dereva wa lori, na siku za kurudi kwake mama alikuwa anatupanga kitandani mapema tujifanye tumelala. Kwamba nikimwogesha nitamwona uchi, nitaona jinsi alivyokonda, na sijui hofu yangu nitaipeleka wapi.

Sauti yangu inakuwa ya chini, kama ya mtu anayebembeleza. Mbawala anaifuata. Nikihamia upande wa pili wa banda bila kusema, haji. Nikinong'ona, anakuja mbio.

Najua ninachokifanya. Nimekiandika hapa ili nisije nikajidanganya kwamba sikujua.

Aprili 20

Jumamosi zangu amepewa Redio, hakuna mtu mwingine. Daktari alimkubali kwa shingo upande. Nimepata habari kwamba akiingia kwenye banda anajifunga kitambaa mdomoni, fundo nyuma ya kichwa, kama mtu anayeumwa meno. Askari wamemcheka. Amesema, "Najijua. Mdomo wangu hauna breki."

Mei 1

Mvua. Mzee amekohoa mchana kutwa. Niliondoka asubuhi kama kawaida.

Mei 6

Naandika mkono ukiwa mzito.

Zamu yangu ilikwisha mchana. Ningeweza kuteremka mapema. Mvua ilikuwa kubwa nikajiambia ngoja ipungue, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimekaa kwenye gunia nyuma ya banda naongea na mbawala, na mvua ilipopungua niliendelea kukaa. Nilirudi nyumbani jua linakaribia kuzama.

Mlango ulikuwa wazi. Jirani alikuwa anadeki. Mke wangu amekaa kwenye kiti cha cherehani, mkono wa kushoto umefungwa kwenye kipande cha shuka, kifundo kimevimba. Mzee yuko kitandani, amefunikwa mpaka shingoni, meno yanagongana.

Alikuwa anamwogesha. Mzee akateleza, yeye akamdaka, wakaanguka wote, mkono wake ukabaki chini. Hakuweza kumwinua kwa mkono mmoja. Hakutaka kumwacha uchi kwenye sakafu ya maji akaenda kuita watu. Alipiga kelele lakini mvua juu ya bati ilimeza kila kitu. Basi akavuta taulo akamfunika, akakaa naye palepale sakafuni, amempakata kichwa, mpaka jirani alipokuja kuchukua gauni lake.

"Muda gani?" nikamuuliza.

"Sijui. Mrefu."

Nilipiga magoti kuutazama mkono. Akaniachia nitazame.

"Nilikuita," akasema. "Nilijua hupo. Nikakuita vilevile."

Tulikwenda zahanati. Tabibu amesema mfupa umepata ufa, akaufunga plasta. Tulipokuwa tunangoja kwenye benchi mke wangu aliniuliza swali moja, bila hasira, kama mtu anayeuliza bei.

"Huyo mnyama wa huko juu. Unamlisha kwa mkono wako?"

"Ndiyo."

"Na hutetemeki?"

Nilikuwa na majibu mengi, yote ya uongo.

Mei 7

Nimemwogesha Mzee. Nilianza na miguu kwa sababu miguu haina macho. Mke wangu alisimama mlangoni akinielekeza: maji yasiwe moto sana, shika chini ya kwapa, usimvute. Nilipofika kifuani nikaona mbavu zake zote. Alifumba macho. Nadhani naye alikuwa anaona aibu. Haikuwahi kunipitia akilini.

Mei 8

Uji umemwagika nusu. Nusu umeingia.

Mei 13

Jirani amekubali kukaa nao asubuhi, nimerudi hifadhini kwa nusu zamu. Mbawala alinisikia nikivaa koti akaanza kuruka. Nilijiapiza njia nzima kwamba sitasema neno. Nikamwambia yote, kuanzia sakafuni hadi benchi la zahanati.

Mei 24

Leo Daktari amempima kama yuko tayari. Alisimama nyuma ya ubao akaongea kwa sauti. Mbawala akaruka mpaka kona ya mwisho, mkia juu. Afande akaongea. Akakimbia vilevile. Redio alikuwa kwenye uzio wa mbali, hakuitwa.

"Fundi, na wewe," Daktari akasema.

Nilishika koo. Nikaonyesha kwa ishara kwamba sauti imekauka, nikakohoa kikohozi cha kutengeneza. Daktari akasema pole, maji ya vuguvugu yatakusaidia. Akaandika kwamba amefaulu.

"Umefanya kazi nzuri," akaniambia. Mama asiyecheka ovyo, akanichekea kwa macho. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mei 27

Tumefungua banda. Alisimama mlangoni, akanusa, akaingia kwenye majani. Redio alilia waziwazi. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo kwamba msitu uwe mkubwa kuliko kosa langu.

Juni 3

Haukuwa.

Mafundi wanaojenga kalvati la kupitisha maji chini ya barabara ya chini walikuwa wamejibanza chini ya turubai, wanangoja mvua ipite, wanaongea kwa sauti ya chini kama watu wanavyoongea wakati wa mvua. Mbawala akatoka kichakani akaja akasimama mbele yao, masikio mbele. Mmoja akadhani ni mgonjwa. Mwingine akamtia kamba shingoni ampeleke nyumbani, na sote tunajua alikuwa anampeleka kwenye sufuria. Mnyama akapata wazimu, akajitupa mtaroni, kamba ikamkaba, mguu wa nyuma ukachanika kwenye nondo. Msimamizi wao, mtu wa maana, ndiye aliyekata kamba na kumpigia Afande.

Nilimshikilia wakati Daktari anamshona. Nilifunga mdomo mpaka taya zikauma, kwa kuogopa kwamba nikisema hata neno moja atatulia, na wote wataona.

Juni 4

Afande alituita sote. Alisema kwa ile sauti yake ndogo, "Mnyama huyu amezoeshwa sauti ya mwanamume. Aliyeongea naye aseme mwenyewe."

Mtu mmoja akageuka kumtazama Redio, na mwingine, na mwingine, mpaka wote.

"Mimi?" Redio akasema. "Mimi nilijifunga kitambaa. Mliniona. Mlinicheka."

"Kitambaa si kufuli," askari mmoja akasema, na watu wakacheka.

Redio akaanza kujieleza, na kadiri alivyojieleza ndivyo alivyozidi kuonekana mtu asiyeweza kunyamaza. Afande akamwambia apumzike nyumbani kwa sasa. Akavua buti za hifadhi pale getini, akavaa viatu vyake, akateremka.

Watu walipocheka, mimi nilitabasamu. Kidogo tu, ili nisijitenge. Naandika hivi kwa sababu ndicho kitu kinachoniuma kuliko vyote.

Juni 5

Sikusema.

Juni 6

Leo pia sikusema. Afande alikuwa na shughuli nyingi. Asingekuwa nazo ningetafuta sababu nyingine.

Juni 9

Niliporudi nilisikia sauti ndani tangu mbali. Redio amekaa kando ya kitanda cha Mzee, anamtangazia magodoro. "Godoro hili, mheshimiwa, ukilala unaota umeajiriwa serikalini." Mzee anatikisika. Nilidhani amepaliwa nikakimbia, kumbe anacheka. Sikumbuki nimemwona akicheka lini.

"Nilisikia shemeji kavunjika mkono," Redio akasema. "Na mimi siku hizi sina pa kwenda. Nikaona nije nimpumzishe."

Alimlisha uji wote. Alikuwa anaongea huku kijiko kinaingia, Mzee anasahau kukataa.

Mke wangu alinifuata uani. "Huyu mtu ni dhahabu," akasema. "Kwa nini wamemfukuza?"

"Wanasema aliongea na mnyama."

"Na aliongea?"

Nilisema sijui. Nilikuwa nimeshika ndoo, nikaenda kuteka maji wakati pipa limejaa.

Juni 12

Redio amekuja tena. Amemnyoa Mzee ndevu. Kila neno jema analosema juu yangu mbele ya mke wangu ni kama anachomeka msumari. "Fundi alikuwa mlezi hasa. Mkimya. Laiti ningekuwa kama yeye."

Sikula chakula cha jioni. Nilisingizia tumbo.

Juni 14

Nimemwambia.

Alikuwa amemaliza kumlisha Mzee, anasuuza bakuli. Nikamwomba tutoke barazani. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nikajikuta nayasema yote kwa mara moja: kwamba ni mimi, tangu mwezi wa nne, kila zamu, na kwamba siku ya kupimwa nilijifanya koo bovu.

Redio alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa. Ni mara ya kwanza tangu nimjue kumwona na nafasi ya kuongea asiitumie.

"Siku ile wananicheka," akasema mwishowe, "ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ulicheka?"

Ningeweza kusema hapana. Hakuna aliyeniona.

"Nilitabasamu."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei akaona ndiyo hiyohiyo aliyoitarajia. "Mimi nimekuwa namlisha baba yako," akasema.

"Najua."

"Siyo kwamba najuta kumlisha. Mzee hana kosa."

Akashuka ngazi, akaondoka bila mwavuli. Hakumuaga Mzee.

Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia, amesikia yote. Nilingoja aseme. Alisema, "Kesho uwaambie huko juu. Mapema, kabla hujanywa hata chai." Halafu akaingia kulala, akageukia ukutani.

Juni 15

Nimewaambia Afande na Daktari. Afande alinisikiliza akikuna kidevu. Daktari aliuliza jambo moja tu: "Ulikuwa unamwambia nini?"

"Habari za nyumbani."

"Nyumbani hakuna watu?"

Nikaanza kufungua vifungo vya koti.

Afande atakwenda mwenyewe kwa Redio kumwomba radhi mbele ya askari. Mimi nilivua koti nikitegemea kufukuzwa. Daktari akanizuia. "Bado. Mguu unapona, lakini mnyama huyu hawezi kwenda popote namna hii. Anakuja kwa sauti yako. Akitishwa na mtu mwingine, atamwogopa huyo mtu, kwako atarudi, na kwa kila mwanamume anayeongea kwa sauti ya chini. Utamwita wewe. Na akija, wewe ndiye utakayemtisha."

Juni 18

Walikuwa wamelifungua banda tangu alfajiri, naye yuko majanini. Nilikuwa nimepewa debe tupu, fimbo na rundo la madongo ya udongo. Afande alikaa nyuma ya mti kuhakikisha sifanyi hila.

Nilimwita kama siku zote. "Njoo basi. Njoo." Akatokea kwenye majani, anachechemea kidogo, masikio mbele. Alipofika karibu nikapiga debe kwa nguvu zangu zote, nikapayuka. Akaruka kando. Akasimama. Akanitazama, kisha akapiga hatua moja kuja, kama mtu aliyedhani amesikia vibaya.

"Endelea, Fundi," Afande akasema nyuma ya mti.

Nikamrushia dongo. Likampiga ubavuni, palepale penye madoa. Akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akakimbia. Afande akaniambia ningoje kidogo, kisha nimwite tena.

Nikamwita. Akaja tena.

Sitaandika siku nzima. Alikuja kila nilipomwita, kila mara kutoka mbali zaidi, kila mara polepole zaidi. Nilimpiga. Koo langu limekauka kweli leo.

Juni 19

Vilevile. Amekuja mara chache.

Juni 20

Alitokea ukingoni mwa majani. Nikaita, masikio yakasimama. Nikaita tena, kwa ile sauti, nikamwambia njoo basi. Akageuka akaondoka, hakukimbia hata, aliondoka tu kama mtu aliyekwisha kukata shauri. Nikaita kwa mara ya mwisho. Hakutokea.

Afande alinishika bega. "Imetosha. Sasa uende nyumbani, Fundi. Na usirudi mpaka tukuite." Sidhani kama wataniita, na ningekuwa wao nisingemwita mtu kama mimi.

Njiani nilimfikiria Mzee alivyokuwa anatupigia kelele. Nikataka kujiambia kwamba labda naye alikuwa na sababu yake, kwamba alikuwa anatuzoeza dunia. Nikaliacha wazo hilo hapohapo barabarani. Mzee alikuwa mkali tu, na sasa ni mgonjwa, na hayo mawili sina namna ya kuyaunganisha. Anahitaji kula, basi.

Juni 21

Nimemlisha asubuhi, mchana na jioni. Nilijaribu kuongea naye huku namlisha, kama alivyofanya Redio. Sikujua niseme nini. Nikamweleza jinsi ya kupaka dari bila rangi kukudondokea usoni. Akanisikiliza, au hakuwa na njia ya kukimbia.

Juni 24

Kila nyayo zikisikika nje, Mzee anageuza shingo kuelekea mlangoni. Akiona ni mimi anarudi kutazama dirisha. Mke wangu anaona, nami naona kwamba anaona.

Juni 26

Wamemtoa mke wangu plasta. Mkono umekonda. Nilimwomba asahau ndoo kwa muda, nitateka mimi. Akasema, "Utateka mpaka jua litoke." Nikamwambia hata likitoka. Akasema tutaona, na hakusema kwa ubaya.

Julai 2

Jua. Mwenye nyumba ya sokoni ameleta ujumbe: kuta zimekauka, nianze Jumatatu. Nimemjibu nitakuwa naanza baada ya Mzee kula asubuhi, na mchana nitarudi kumlisha. Akiona haimfai atafute fundi mwingine. Hajajibu bado.

Nilikuwa jikoni nakoroga uji niliposikia hodi, na hodi ile haina haja ya kuuliza ni ya nani. Mke wangu alifungua. Redio alikuwa amevaa buti za hifadhi, tope mpaka magotini.

"Shemeji, habari za siku nyingi. Nimekuja kwa Mzee."

Alipita mlango wa jikoni. Tulionana. Hakunisalimia, akaenda moja kwa moja chumbani. Nikasikia kiti kinavutwa, na Mzee anasema "ee", ile ee ndefu ambayo mimi sijawahi kuambiwa.

"Mzee wangu," Redio akaanza, kwa sauti ya kutangazia soko zima ingawa waliokaa ni wawili. "Samahani nilipotea. Nilikuwa na hasira na mtu, na ninayo bado, lakini haikuhusu wewe. Sasa sikiliza habari. Jana nilikuwa doria bonde la juu. Nikamwona mbawala dume, kijana, mguu wa nyuma una kovu. Anafuatana na jike mmoja mkubwa. Nikasema nimjaribu. Nikaongea kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayebembeleza. Unajua mimi sauti ya chini inanipa kazi." Mzee akatikisika kitanda kikalia. "Basi sijamaliza hata neno la pili, alikimbia, Mzee. Alikimbia mpaka nikabaki naona majani yanatikisika tu. Daktari nimemwambia, kafurahi. Nikaona na humu ndani kuna anayestahili kusikia."

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba, bakuli mkononi. Redio alikuwa amenipa mgongo. Sikuweza kusema asante, wala samahani, wala karibu. Yote yalikuwa maneno madogo.

Redio hakugeuka. Alimkunjia Mzee mto nyuma ya mgongo, akamnyanyua akae vizuri.

"Mzee," akasema, "mwambie huyo mtoto wako uji unapoa."

Mzee akanitazama, akainua mkono wake wa kushoto, ule mzima, kutoka kwenye shuka.

Nikaingia.